Kuhamisha hazina ya seva: Kwa nini kunakili pekee hakutoshi

MWISHO wa mwezi unapowadia, si ajabu kuuona mkokoteni ukipenya katika vichochoro vya Laini Saba mtaani Kibera, au ukikatiza Barabara ya Naivasha kule Kawangware, ukiwa umesheheni godoro, meko, masufuria na sanduku la nguo. Mpita njia hudhani kwamba kuhama ni kubeba vitu. Aliyewahi kuhama hujua kwamba vitu ndivyo vyepesi. Yaliyo mazito ni mengine: ufunguo upi ni wa mlango upi, sufuria lipi ni la jirani, risiti za kodi ziliwekwa wapi, na je, anayeleta maji atajuaje kwamba mteja wake amehamia ploti nyingine?

Kuhamisha faili zote za seva kutoka diski moja hadi nyingine ni kazi ya aina hiyo hiyo. Zahanati, shule na vituo vya vijana hulazimika kuifanya kila baada ya miaka michache, na mara nyingi hufanywa usiku mmoja na kijana mmoja aliyejifunza tarakilishi kwa bidii zake mwenyewe. Ikienda vyema, hakuna anayetambua kwamba kuna lililotendeka. Ikienda mrama, mgonjwa hufika asubuhi akaambiwa kwamba rekodi zake hazionekani.

Neno seva lilienea midomoni mwa Wakenya mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilipoiagiza Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) iruhusu mitambo yake ikaguliwe katika kesi ya kupinga matokeo ya urais ya uchaguzi wa Agosti 8. Agizo hilo lilikuwa la kusoma tu: wakaguzi watazame na kunakili, lakini wasibadilishe chochote. Wataalamu wa tarakilishi walilielewa mara moja, kwa kuwa ni kanuni wanayoijua vyema. Hazina inayonakiliwa haipaswi kubadilika wakati wa kunakiliwa.

Hata hivyo, seva si mali ya afisi kubwa pekee. Ni tarakilishi yoyote inayozihudumia tarakilishi nyingine. Mtaani Kibera, Taasisi ya Tunapanda ilijenga mtandao wa kijamii uitwao TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo vya vijana ili wanafunzi wapate masomo yaliyohifadhiwa papo hapo mtaani, bila kununua bando. Katika vituo vingi vya afya vya umma nchini, rekodi za wagonjwa huwekwa katika mfumo wa KenyaEMR, uliojengwa juu ya OpenMRS, programu ambayo ilianza kutumika mjini Eldoret mwaka 2006. Mwenye duka la huduma za intaneti naye huweza kuwa na tarakilishi moja kuukuu kichochoroni inayohifadhi kazi za wateja wake.

Nyingi za seva za aina hii huendeshwa kwa Linux, kwa sababu haina malipo ya leseni. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, kwa kufuata muundo wa Unix, mfumo uliozaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Toleo lake moja lililo maarufu, Ubuntu, lilitolewa mwaka 2004, na jina lake ni neno la lugha za kusini mwa Afrika lenye maana ya utu.

Sababu za kuhama ni tatu. Diski inaweza kujaa. Inaweza pia kuanza kuchoka, ikawa inatoa sauti za kugonga au kuchelewa kusoma. Aidha, mashine nzima inaweza kuzeeka, jambo la kawaida mahali ambapo tarakilishi nyingi hufika zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, limejenga kazi yake juu ya mitambo ya aina hiyo, likiikarabati na kuipeleka shuleni. Mashine iliyotumika ni neema, lakini diski iliyomo ndani yake imekwisha kula sehemu ya umri wake.

NDANI YA FAILI

Ili kuelewa ugumu wa kazi hii, ni vyema kujua jinsi faili inavyohifadhiwa. Katika Unix na jamaa zake, jina la faili si sehemu ya faili. Kila faili ina namba yake ndani ya diski, na chini ya namba hiyo huandikwa habari zake: ukubwa, tarehe ya kubadilishwa, mmiliki, kikundi, na vibali vya nani anaruhusiwa kusoma, kuandika au kuendesha. Folda ni daftari tu la majina, kila jina likielekeza kwenye namba fulani.

Mmiliki naye hajulikani kwa jina, bali kwa namba. Seva ikionyesha kwamba faili ni ya muuguzi, ukweli ni kwamba diski imeandika namba, tuseme 1001, na mashine imetazama katika orodha yake ya watumiaji ikaona kwamba 1001 ni muuguzi. Faili hizo zikihamishwa hadi mashine nyingine ambako 1001 ni namba ya mlinzi wa lango, rekodi za muuguzi huwa mali ya mlinzi. Hakuna aliyeiba wala aliyevunja kufuli. Ni sawa na watu wawili kupewa kitambulisho chenye namba moja.

Ndiyo sababu kunakili kwa njia ya kawaida hakutoshi. Amri ya cp, ambayo kila mwanafunzi wa Unix hufundishwa siku ya kwanza, ikitumiwa bila nyongeza, huchukua yaliyomo na kuacha mengi ya habari zake. Nakala huwa mali ya aliyenakili, na tarehe huwa ya siku ya kunakili. Seva ya shule yenye faili za walimu 20 huamka asubuhi ikiwa na mwenyewe mmoja, naye ni msimamizi wa mtambo. Walimu hukataliwa kuzifungua kazi zao wenyewe.

Mtego mwingine ni wa viungo. Kwa kuwa jina ni kielekezi tu, faili moja inaweza kuwa na majina mawili au kumi, yote yakielekeza kwenye namba moja. Watu hutumia mbinu hii kuweka nakala za akiba za kila siku bila kumaliza nafasi. Programu ya kunakili isiyoelewa viungo huona majina kumi, ikaandika faili kumi kamili. Msimamizi hushangaa kuona diski mpya, iliyo kubwa mara mbili ya ile ya zamani, imejaa kabla ya kazi kufika nusu.

Kuna pia viungo vya aina ya pili, ambavyo hubeba anwani badala ya namba. Kiungo kama hicho ni sawa na mtu anayesema kwamba fulani anaishi nyuma ya Soko la Toi. Maelezo hayo ni sahihi maadamu soko halijahama. Anwani za folda zikibadilika baada ya uhamisho, kiungo hubaki kikielekeza mahali pasipo na kitu.

HATARI YA FLASHI

Kosa lililo jepesi kutendeka mitaani ni la kutumia flashi. Diski inapoonyesha dalili za kufa, wa kwanza kufika huchomeka flashi na kuanza kuvuta faili. Flashi nyingi huuzwa zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haujui mmiliki wala vibali vya Unix. Faili hubaki, lakini habari zake huanguka njiani.

Mfumo huo pia haupokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Hifadhidata ya zahanati, ikiwa imewekwa katika faili moja kubwa, hukatiza kazi katikati. Tena, Unix hutofautisha herufi kubwa na ndogo: Ripoti na ripoti ni faili mbili. Flashi huziona kuwa moja, na ya pili huweza kuifuta ya kwanza.

Dawa ni kuzifunga faili zote katika kifurushi kimoja kabla ya kuzibeba. Amri ya tar, iliyoingia katika Unix mwaka 1979, ilitengenezwa kwa kazi hiyo, wakati hazina za tarakilishi zilipohifadhiwa katika kanda za sumaku. Ndani ya kifurushi huandikwa wamiliki, vibali, tarehe na viungo, na kifurushi chenyewe huweza kukatwa vipande vidogo vinavyoenea kwenye flashi. Flashi haihitaji kuelewa kilichomo, kama vile mwenye mkokoteni asivyohitaji kujua kilichomo sandukuni.

NJIA ZA KUHAMA

Wasimamizi wenye uzoefu huchagua kati ya njia tatu.

Ya kwanza ni kunakili diski nzima kama ilivyo, tone kwa tone, kwa amri ya dd. Njia hii haiachi kitu, lakini pia haichagui. Hunakili hata nafasi tupu, pamoja na kasoro zilizomo katika mpangilio wa zamani. Diski mbili hubaki na utambulisho mmoja, na mashine huweza kuchanganyikiwa zikichomekwa pamoja. Aidha, mtu akikosea na kuandika jina la diski mpya mahali pa ile ya zamani, hunakili utupu juu ya hazina. Kwa diski inayokufa, kuna programu ya ddrescue, ambayo huokoa kwanza sehemu zilizo nzima na kurejea baadaye kwenye zilizoharibika, badala ya kukwama katika jeraha la kwanza.

Ya pili ni kunakili faili kwa faili huku habari zake zote zikihifadhiwa. Amri ya cp huweza kufanya hivyo ikipewa nyongeza ya -a. Hata hivyo, chombo kinachopendwa zaidi ni rsync, kilichotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wakiwa nchini Australia. Sifa yake kuu ni kwamba hulinganisha pande mbili na kubeba tofauti pekee. Kazi ikikatika, huanzishwa tena bila kurudia yaliyokwisha kufika. Hata hivyo, hakibebi kila kitu bila kuambiwa: nyongeza za -aHAX hukiagiza kibebe pia viungo vyenye majina mengi na vibali vya ziada, na nyongeza ya --numeric-ids hukiagiza kizingatie namba za wamiliki badala ya majina. Nyongeza hiyo ya mwisho husaidia pale tu orodha za watumiaji za mashine zote mbili zinapolingana.

Umuhimu wa sifa hiyo ya kuendelea palipokatika hauhitaji maelezo marefu kwa Mkenya. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru na nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Mnamo Agosti 25, 2023, giza lilitanda tena karibu kote nchini. Uhamisho usiostahimili kukatika kwa stima haufai katika mazingira ambamo stima hukatika.

Njia ya tatu ni ya seva zilizopangwa tangu mwanzo kwa mfumo uitwao LVM. Hapo, nafasi ambayo programu huiona haifungamani na diski moja. Msimamizi huongeza diski mpya, kisha huamuru hazina ihamie humo kidogo kidogo huku watu wakiendelea na kazi. Ni njia nzuri kuliko zote, ila humfaa aliyejiandaa mapema. Seva nyingi ndogo ziliwekwa kwa haraka, na hazikupangwa hivyo.

Kwa vyovyote vile, ni vyema kupima muda kabla ya kuanza. Gigabaiti 500, zikipita kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde kati ya diski mbili zilizo ndani ya mashine moja, huchukua takriban saa moja na dakika 23. Zikipita katika waya wa mtandao wa megabiti 100, ambao hupitisha megabaiti 12.5 kwa sekunde, huzidi saa 11. Faili ndogo ndogo kwa maelfu hupunguza kasi hata zaidi. Anayeanza saa tatu usiku akitarajia kumaliza kabla ya zahanati kufunguliwa anapaswa kuwa amepiga hesabu hiyo kwanza.

KUSIMAMISHA MAANDISHI

Hatari kubwa kuliko zote ni kunakili hazina inayoendelea kuandikwa. Mfano wake ni makanga anayewahesabu abiria katika kituo cha Congo, Kawangware, huku wengine wakipanda mlango wa mbele na wengine wakishuka. Hesabu atakayoipata haitakuwa ya dakika yoyote halisi. Hifadhidata ni hivyo hivyo. Ikinakiliwa huku muuguzi akiingiza majina, ukurasa wa kwanza wa nakala huwa wa saa nne, wa mwisho huwa wa saa tano, na vyote viwili havipatani. Nakala huonekana kamili, kisha hukataa kufunguka.

Mfano mzuri wa kazi iliyofanywa kwa utaratibu unaihusu Kibera, ijapokuwa ulitokea mbali. Mradi wa ramani ya ulimwengu wa OpenStreetMap, ulioanzishwa nchini Uingereza mwaka 2004, ulihitaji kuhamisha hifadhidata yake yote mnamo Aprili 2009 hadi mashine mpya na programu mpya, kutoka MySQL hadi PostgreSQL. Uhariri wa ramani ulisimamishwa kwa siku kadhaa. Watu waliokuwa na barabara za kuchora walisubiri.

Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, vijana wa Kibera walianza kutembea mtaani wakiwa na vifaa vya GPS chini ya mradi wa Map Kibera. Kabla ya hapo, ramani nyingi ziliuonyesha mtaa huo kama eneo tupu, licha ya maelfu kwa maelfu ya watu wanaoishi humo. Vijana waliandika zahanati, shule, vyoo, mabomba ya maji na njia. Yote hayo yaliingia katika hifadhidata ile ile iliyokuwa imehamishwa mwezi wa Aprili. Lau uhamisho ungefanywa ovyo, Kibera ingejengewa ramani yake juu ya msingi ulioyumba.

Si kila kituo kinaweza kufunga shughuli kwa siku kadhaa. Hapa ndipo rsync husaidia tena. Msimamizi huiendesha mara ya kwanza mchana, watu wakiwa kazini, na nakala hiyo hutarajiwa kuwa na kasoro. Usiku, huduma husimamishwa, diski ya zamani hufungwa iwe ya kusomwa tu, kisha amri ile ile huendeshwa mara ya pili. Safari hii hubeba mabadiliko ya siku hiyo tu. Kazi ya saa nyingi hugeuka kuwa kungoja kwa dakika chache.

KAMBI YA MUDA

Wakati mwingine hakuna diski ya pili ya kudumu. Iliyopo ndiyo hiyo moja, nayo inahitaji kupangwa upya. Hapo hazina hulazimika kuondoka, kukaa mahali pa muda, kisha kurejea.

Wakazi wa Kibera wameliona jambo hilo kwa macho yao. Mnamo Septemba 2009, familia za kijiji cha Soweto Mashariki zilianza kuhamishiwa katika majengo ya muda kule Lang'ata, chini ya mpango wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda, ili nyumba mpya zijengwe zilipokuwa zile za mabanda. Nyumba hizo zilikabidhiwa mwaka 2016. Katika miaka yote hiyo, kilichoshikilia haki ya familia si godoro wala sufuria, bali orodha iliyoonyesha nani alitoka wapi. Aliyekosekana katika orodha hakuwa na mlango wa kurudia.

Kwa seva, orodha hiyo huandikwa kabla ya kuhama: idadi ya faili, ukubwa wake, wamiliki wake, na muhtasari wa kila faili unaokokotolewa kwa amri kama sha256sum. Muhtasari huo ni mfuatano wa tarakimu na herufi unaobadilika hata biti moja ya faili ikibadilika. Hazina ikifika kambini, orodha hulinganishwa. Ikirejea nyumbani, hulinganishwa tena. Wala kambi yenyewe haipaswi kuwa nakala pekee iliyopo. Diski ya awali ikipangwa upya, kilichomo hutoweka, na kambi ikiungua hakuna pa kurudi.

MLANGO USIO WAKE

Kuna kosa dogo ambalo limewaaibisha hata mabingwa. Katika Unix, diski mpya haionekani kwa herufi yake kama katika Windows. Huambatishwa kwenye folda, na kuanzia hapo folda hiyo huwa mlango wa diski. Mtu akisahau kuiambatisha, folda bado ipo, ila ni folda ya kawaida ndani ya diski ya zamani. Atanakili kwa saa nzima akidhani anapeleka mizigo ng'ambo, kumbe anaihamisha kutoka chumba hadi chumba katika nyumba ile ile, mpaka nyumba ijae na seva izimike.

Kosa la kufanana na hilo ni kukosea upande. Mnamo Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za watunga programu ulimwenguni, alifuta folda ya hifadhidata akidhani yuko katika seva ya akiba. Alikuwa katika seva kuu. Kampuni ilipozitafuta nakala zake za akiba, iligundua kwamba njia kadhaa ilizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi. Iliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa takriban saa 6 kabla ya tukio.

Mnamo Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za watafiti wake, baada ya programu ya kuhifadhi nakala za akiba kurekebishwa huku ikiendelea kufanya kazi. Chombo kilichokusudiwa kulinda ndicho kilichofuta. Kama yanatokea huko penye wahandisi na fedha, kijana wa Kawangware aliye peke yake usiku ana sababu zote za kwenda polepole.

BAADA YA KUFIKA

Faili zikishafika na kukaguliwa, seva lazima iambiwe kwamba imehama. Mashine husoma faili iitwayo fstab kila inapowashwa ili kujua diski ipi iambatishwe wapi. Wengi huandika humo majina kama sda na sdb. Majina hayo hutolewa kwa kufuata mpangilio ambao diski zimegunduliwa, na huweza kubadilishana waya ukihamishwa. Lililo salama ni kuandika utambulisho wa kudumu wa mfumo wa faili, uitwao UUID. Kama kilichohamishwa ni mfumo wenyewe unaoiwasha mashine, basi programu ya kuiwasha nayo lazima iwekwe upya katika diski mpya, la sivyo seva itabaki kiza.

Kisha hufuata majaribio. Si busara kujaribu kama msimamizi, maana msimamizi hufunguliwa kila mlango. Anayefaa kujaribu ni mwalimu, muuguzi au mwanafunzi, kwa jina lake na neno lake la siri: je, anafungua faili yake, anaweza kuihifadhi, na je, anakataliwa kufungua isiyo yake? Swali hilo la mwisho husahauliwa mno. Faili zinazosomwa na kila mtu huonekana kuwa nzima, hali zimevuja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu azilinde, na hali ya mgonjwa ni miongoni mwa habari ambazo sheria hiyo inaziona kuwa nyeti. Kibali kilichopotea njiani ni siri iliyowekwa wazi.

Diski ya zamani nayo haipaswi kuguswa kwa wiki kadhaa. Ichomolewe, iandikwe tarehe kwa kalamu, iwekwe kabatini. Makosa mengine hujitokeza mwisho wa mwezi, wakati ripoti inapotafutwa na folda fulani ikagunduliwa kuwa tupu. Hapo ndipo methali ya usiache mbachao kwa msala upitao hupata maana yake kamili.

Siku ya kuiaga ikifika, kufuta faili hakutoshi. Amri ya kufuta huondoa jina katika daftari, lakini yaliyoandikwa hubaki mpaka yaandikwe mengine juu yake. Diski inayouzwa pamoja na tarakilishi kuukuu huweza kusomwa na mnunuzi mwenye subira. Diski ya sahani zinazozunguka huandikwa upya yote kwa amri kama shred. Zile za kisasa zisizo na sahani zinahitaji amri yake ya ndani ya kujifuta. Asiye na uhakika na aivunje kwa nyundo.

Halafu nakala nyingine ya akiba iwekwe nje ya jengo. Katika mitaa ambamo nyumba zimebanana na moto huenea kwa dakika chache, diski mbili zilizo juu ya meza moja huhesabiwa kuwa diski moja. Mwenye seva Kibera anaweza kubadilishana diski na mwenzake wa Kawangware, kila mmoja akimhifadhia mwenzake, faili zikiwa zimefungwa kwa neno la siri. Gharama yake ni diski moja na nauli ya matatu.

Na kabla ya yote hayo, mwenye kituo ana swali moja la kumuuliza fundi wake kabla hajampa ruhusa ya kuanza: tukikwama saa nane usiku, tutarudi vipi tulikotoka? Fundi mwenye jibu aachiwe kazi. Asiye nalo asubiri hadi alipate.